Jinsi ya kupika kinywaji cha moto cha tufaha na viungo kisiwe kichungu wala kizito

Sikukuu zikikaribia, malalamiko kuhusu kinywaji hiki huwa ya aina tatu. Kimetoka kichungu. Kimekuwa kizito, kinamiminika kama uji. Au kinatia ulimi ganzi na tufaha halisikiki kabisa, ni karafuu tupu. Mtu amenunua matunda kwa bei ya Desemba, amesimama jikoni saa mbili, halafu wageni wanakunywa nusu kikombe na kuulizia soda.

Karibu mara zote chanzo ni kimoja: kila kitu kimetiwa sufuriani kwa pamoja na kuachwa kichemke hadi wageni wafike. Tufaha linataka muda mrefu kwenye moto mdogo ndipo litoe utamu wake. Karafuu na mdalasini havitaki hivyo. Vikipitiliza, harufu inapotea na uchungu unabaki. Kwa hiyo tutapika mara mbili. Kwanza tufaha peke yake, kisha viungo kwa dakika chache, na viungo vinatolewa.

Vipimo vilivyo hapa vinatoa lita 3 hivi, yaani vikombe 12 vya robo lita. Tenga saa mbili na nusu, ingawa kazi ya mikono yenyewe haizidi nusu saa. Mengine ni kuchungulia moto.

## Chupa za kuepuka dukani

Ukitafuta maelekezo mtandaoni utaona neno cider kila mahali, na hapo wengi hupotea. Marekani na Kanada, chupa ya namna hiyo inayouzwa kwenye friji msimu wa mavuno kwa kawaida ni juisi ya tufaha isiyochujwa, haina kileo. Uingereza ni kileo, hakuna mjadala. Huku kwetu, chupa yenye neno hilo mara nyingi ni siki ya tufaha, ile watu wanayokunywa wakitaka kupunguza tumbo. Siki haina nafasi katika kinywaji hiki hata kijiko kimoja.

Na kwa walio Zanzibar, Tanga na Mombasa: nazungumzia matufaha yale magumu yanayoitwa epo sokoni, si matufaa mekundu laini ya pwani. Hayo ya pwani yana maji mengi na utamu kidogo, ukiyachemsha hupati kitu.

## Mahitaji

- Matufaha kilo 2 (makubwa kiasi ni 12 hadi 14): kilo 1 na nusu matamu, nusu kilo machachu
- Maji lita 3
- Mdalasini wa vijiti, 3 vyenye urefu wa kidole
- Karafuu nzima, 8
- Iliki nzima, 6
- Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Ganda la chungwa, vipande 2 vyembamba
- Limau 1
- Sukari guru au asali, vijiko 4 vya chakula kwa kuanzia
- Chumvi, chembe tu
- Kungumanga ukipenda

Vyombo: sufuria mbili, mwiko, chujio kubwa, kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato, na chupa ya chai.

Sufuria nitaizungumzia zaidi, maana hapo ndipo ladha ya chuma inapotoka. Tufaha lina asidi, na sufuria nyingi za majumbani ni za alumini. Asidi ikikaa kwenye alumini muda mrefu inakula chuma kidogo kidogo, na kinywaji kinakuwa na ladha kama umelamba kijiko. Tumia ya stili, au ya enameli ambayo haijabanduka. Kama sufuria kubwa uliyonayo ni ya alumini tu, pikia humo lakini mara ukimaliza hamishia kwenye chombo kingine. Usikilaze humo, wala usikiache saa nne kikisubiri watu watoke kanisani.

## Hatua ya 1: Onja matufaha kabla ya kununua

Kosa la sokoni ni kuchagua kwa rangi. Yale mekundu sana, yanayong'aa, mara nyingi ni matamu lakini hayana uchachu, na nyama yake inavunjikavunjika kama unga. Ukiyatumia peke yake unapata maji matamu yasiyo na uhai. Ya kijani, Granny Smith, ni machachu na magumu, nayo ndiyo yanayokipa kinywaji umbo. Changanya matatu matamu kwa moja chachu.

Ya Lushoto na Njombe yakipatikana, nunua, ila muombe muuzaji akukatie kipande kwanza. Likiwa chachu kiasi cha kukufanya ufinye jicho moja, hilo ni la kundi la machachu na huna haja ya kutafuta ya kijani.

Yenye michubuko au ngozi iliyonyauka yanafaa, na bei yake inapungua. Yaliyooza hayafai. Ukungu unaoota kwenye tufaha lililooza unaweza kutoa sumu iitwayo patulini, na kuchemsha hakuiondoi. Tufaha lenye doa dogo la kuoza, mimi nalitupa lote. Ni hasara ndogo kuliko sufuria nzima.

## Hatua ya 2: Osha, kata, toa kokwa

Matufaha mengi yanayosafirishwa kutoka nje hupakwa nta nyembamba ili yasinyauke. Yaoshe kwa maji ya vuguvugu huku ukisugua kwa kitambaa, na ubandue stika zote. Moja ikisahaulika itaelea mbele ya mgeni.

Usimenye. Ganda ndilo linaloleta rangi na sehemu kubwa ya harufu. Kata kila tufaha vipande 8, kisha ondoa moyo na kokwa. Kokwa nzima zikipita si balaa, lakini tutaponda matunda baadaye, na kokwa iliyopasuka inaongeza uchungu. Pia ndani yake mna kemikali ambayo ikisagwa hutoa sianidi kidogo, basi hakuna sababu ya kuziacha.

Vipande vitaanza kuwa vya kahawia kabla hujamaliza kilo ya pili. Visikutishe. Kinywaji chenyewe kitakuwa cha kahawia.

Na tafadhali, acha blenda kabatini. Hapa ndipo uji unapotokea. Ukisaga tufaha bichi unavunja nyuzi zote na kutawanya pektini, ile inayogandisha jemu. Ukichemsha mchanganyiko huo unakuwa mzito, unarukaruka kwenye moto, unashika chini ya sufuria, na hakuna chujio litakaloupitisha vizuri. Vipande vikubwa vinakuachia maji yenye ladha na kubaki na nyama yake.

## Hatua ya 3: Chemsha tufaha peke yake, saa 1

Weka vipande vyote sufuriani, mimina maji baridi lita 3, bandika. Moto uwe wa kawaida hadi kianze kuchemka, kisha upunguze sana. Unachotaka ni mapovu madogo yanayopanda pembeni, moja moja, na katikati pametulia. Funika kwa kuuacha mfuniko umekaa upande, mvuke upate njia.

Kwenye gesi ni rahisi. Kwenye mkaa, kikishachemka toa makaa nusu na yaliyobaki yafunike kwa majivu. Ukiacha mkaa ukiwaka kwa nguvu matunda yatapasuka yote na utarudi kwenye habari ya uji.

Kila dakika 15 zamisha vipande vinavyoelea kwa mgongo wa mwiko. Usikoroge kwa nguvu. Baada ya dakika 45 hivi ukikibana kipande kwenye ukuta wa sufuria kitalegea chenyewe. Hapo bana vipande vichache, kama nusu yake, acha vingine vilivyo, na endelea dakika 15 zilizobaki.

Utajua imekubali kwa dalili tatu: ganda limepauka, maji yamechukua rangi ya chai ya rangi iliyo hafifu, na ukionja kijiko unapata tufaha wazi ingawa bado hakuna sukari. Kama ladha ni ya maji, ongeza dakika 20. Usiongeze sukari ili kuficha, utamu hauleti tufaha.

## Hatua ya 4: Chuja, usikamue

Tandaza kitambaa juu ya chujio, chujio juu ya sufuria ya pili. Mimina kwa upawa, taratibu. Kisha ondoka. Acha kidondoke dakika 20 hadi 30.

Mkono utawasha kukamua kile kitambaa, hasa ukiona maji bado yamo. Usikamue. Kikombe utakachokipata kwa kukamua kinakuja na makapi na pektini, na ndicho kinachofanya lita zote 3 ziwe na ukungu na utelezi kooni.

Ukimaliza utakuwa na lita 3 au pungufu kidogo, yenye ukungu hafifu. Ukiweka kijiko ndani ya glasi unakiona hadi chini.

Sasa kabla ya kutia kiungo chochote, chota vikombe 2 uviweke pembeni. Hiyo ndiyo akiba yako. Viungo vikizidi, hicho ndicho kitu pekee kitakachokuokoa, na wanaoruka jambo hili ndio wanaoniuliza usiku wa tarehe 24 wafanye nini.

Makapi usitupe. Yapitishe kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, ongeza sukari na maji ya limau, yapike hadi yakauke kidogo, una jemu ya kupaka mkate asubuhi.

## Hatua ya 5: Viungo, dakika 20 na si zaidi

Karafuu tunaihesabu, hatuimwagi. Ina mafuta yenye eujenoli, ambayo madaktari wa meno wameyatumia miaka mingi kutia ganzi jino linalouma. Karafuu 8 kwa sufuria hii zinatoa harufu. Ukifika 20 unatoa dawa ya jino. Karafuu mpya kutoka Unguja au Pemba, zile ambazo ukizibana kwa ukucha zinatoa mafuta, tia 6.

Mdalasini uwe wa vijiti. Unga wake hauyeyuki. Unaelea, kisha unazama na kuwa utelezi chini ya kikombe, na huwezi kuutoa. Vijiti vyembamba vilivyoviringika tabaka nyingi vina harufu ya upole. Magome mazito na magumu yana ukali zaidi, tumia 2 badala ya 3.

Iliki ipasue kwa kugonga mara moja kwenye kinu, usiitwange. Tangawizi ioshe na uikate vipande vyembamba na ganda lake. Ukiiparuza inageuka kuwa ndiyo kinywaji chenyewe. Ganda la chungwa likate kwa kisu kikali ukichukua sehemu ya juu tu, ya kijani au ya njano. Ule weupe wa chini ni mchungu, na hauondoki kwa sukari. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sababu ya pili ya uchungu baada ya karafuu, maana watu hutumbukiza chungwa zima lililokatwa duara kwa ajili ya picha. Kama unataka duara la chungwa, liweke kwenye kikombe wakati wa kuandaa.

Funga viungo vyote kwenye kipande cha kitambaa, acha uzi mrefu uning'inie nje ya sufuria. Rudisha juisi kwenye moto mdogo, ikishapata joto na mvuke kuonekana, zamisha fundo. Tazama saa. Dakika 10 onja, dakika 15 onja tena. Nyumba ikinukia mdalasini, na ukinywa unapata tufaha kwanza kisha viungo vinakuja nyuma yake, toa fundo hapohapo hata kama 20 hazijafika. Usilikamue nalo.

Usiruhusu ichemke kwa nguvu. Ile harufu nzuri inayojaa jikoni ndiyo inayotoka kwenye kinywaji.

Swali linalorudi kila mwaka: naweza kutumia viungo vya pilau vya pakiti? Hapana. Ndani mna bizari nyembamba, na utapata kinywaji chenye harufu ya chakula cha mchana. Viungo vya chai vya unga vinaweza kukuokoa ukikwama, kijiko 1 cha chai kilichokatwa sawasawa, lakini ufunge kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili na ukubali ukungu kidogo.

## Hatua ya 6: Utamu na uchachu

Epua. Subiri dakika 5. Ulimi ulioungua haupimi sukari, na kinywaji kikiwa cha moto sana utazidisha.

Koroga vijiko 4 vya sukari guru iliyoparuzwa, chembe ya chumvi na maji ya nusu limau. Onja. Sukari guru inatia rangi nzuri na ladha ya moshi kidogo. Sukari nyeupe inafanya kazi pia. Asali itiwe sasa, baada ya kuepua, ili harufu yake isipotee. Ukitumia asali, kinywaji hicho kisipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1 hata kwa kijiko, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa botulizimu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvizuia.

Kipimo: ukimeza, mate yanakuja pembeni ya ulimi na unataka kunywa tena. Kama kinakaa mdomoni kama sharubati, hakina uchachu, ongeza limau kijiko kimoja kimoja. Kungumanga iparuzwe juu ya kila kikombe, si sufuriani.

## Hatua ya 7: Kukiweka cha moto bila kukiharibu

Siku ya sikukuu jiko lina pilau, nyama na maharage. Hakuna nafasi ya sufuria ya kinywaji. Chupa ya chai ndiyo jibu. Lakini chupa ya chai ya nyumbani inanuka chai ya maziwa ya miaka. Usiku wa kuamkia, itie kijiko 1 cha magadi ya kuokea na maji ya moto, ilale, asubuhi isuuze. Kabla ya kumimina, ijaze maji yanayochemka dakika 5, uyamwage.

Hakikisha hakuna karafuu hata moja iliyopita. Ikikaa ndani ya chupa saa 3, kikombe cha mwisho kitakuwa tofauti kabisa na cha kwanza.

Wanaopenda kileo watie kwenye vikombe vyao. Sufuria iachwe safi kwa watoto na wasiokunywa.

Kwa waliopanda Marangu, Kibosho au Lushoto kwa ajili ya sikukuu, jioni yake inafaa kabisa. Walio Dar na Mombasa, kuweni wakweli: Desemba kule ni jasho. Kipooze, kiweke kwenye friji, mimina juu ya barafu. Kwa kunywa baridi punguza sukari uongeze limau.

## Njia ya mkato ya juisi ya dukani

Inakubalika, kwa sharti usome pakiti. Tafuta iliyoandikwa ni juisi kwa asilimia 100. Kama imeandikwa nekta au kinywaji chenye ladha ya tufaha, hiyo imeongezwa maji na sukari, mara nyingi na manukato pia, na ikipashwa moto manukato hayo yanakuwa kama ya pipi. Chukua juisi lita 2 na nusu, maji nusu lita, uanzie Hatua ya 4 pale kwenye akiba. Usitie sukari kabla ya kuonja, mara nyingi haihitajiki.

Mlio Ulaya na Marekani mkinunua juisi mbichi iliyokamuliwa shambani, ipasheni hadi nyuzi joto 71 au zaidi kabla ya kumpa mtu. Juisi ya tufaha isiyopashwa moto imewahi kuugulisha watu kwa bakteria wa E. coli, na walio hatarini zaidi ni watoto, wazee na wajawazito.

## Kikishaharibika

Kichungu au kinatia ganzi: toa viungo, mimina ile akiba ya vikombe 2, ongeza sukari kidogo. Kama akiba hukuweka, juisi ya dukani ya asilimia 100 itasaidia. Sukari peke yake haitasaidia.

Kizito: chuja tena kwa kitambaa kisafi, kisha ongeza maji ya moto nusu kikombe kwa wakati.

Kina ladha ya chuma: hakirekebishiki. Mwaga, badili sufuria.

Kimepooza, hakisemi kitu: limau na chumvi kabla ya kufikiria kuongeza viungo.

## Kupika mapema na kuhifadhi

Pika hadi mwisho wa Hatua ya 4 siku moja au mbili kabla, iweke juisi kwenye friji, na siku yenyewe utabaki na nusu saa ya viungo tu. Ndivyo ninavyoshauri kwa yeyote mwenye wageni zaidi ya 10. Kwa wageni 20 hadi 24 pika mafungu mawili kwa siku tofauti badala ya kuongeza vipimo kwenye sufuria moja kubwa, kwa sababu sufuria ikijaa sana matunda ya chini yanavurugika wakati ya juu bado magumu.

Kilichobaki kipoe, kiingie friji ndani ya saa 2, kitakaa siku 3 hadi 4. Pasha kile utakachokunywa tu, usirudishe chupa nzima motoni kila mara. Kikianza kutoa vipovu vidogo na harufu ya pombe, kimeanza kuchacha, mwaga. Ukitaka kukigandisha, acha nafasi ya vidole viwili juu ya chupa ya plastiki, maana kikiganda kinatanuka.